Mzee alijenga reli, sasa tunagombania tumjengee nini

Mtoto wa Gengi
Kamwene wadau, na msio wa huku habari zenu. Naomba mawazo maana grupu la familia limegeuka ulingo wa ngumi. Mzee wetu alifariki mwaka jana mwezi wa nane, tukamzika hapa hapa Makambako, na sasa tunajiandaa na kumbukumbu ya mwaka. Kaka mkubwa yuko Dar, anataka kaburi livalishwe marumaru lote, maturubai matatu, mziki, fulana zenye picha ya mzee, ng'ombe, tuko watoto saba na kila mtu kapangiwa laki 9. Ukiuliza swali unaambiwa hukumpenda baba.

Mi sipingi mzee kuenziwa. Ila mzee mwenyewe alikuwa mtu wa gengi. Aliingia TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, 1972 kama kibarua, kuponda kokoto na kubeba mataruma ya zege kile kipande cha kutoka Mlimba kupanda huku, wanaopajua wanajua, ni makorongo matupu na mahandaki mengi ya reli nzima yako hapo. Reli ilipokabidhiwa 1976 yeye akabaki kwenye ukarabati mpaka anastaafu. Asubuhi kiberenge jioni kiberenge. Vidole viwili vya mguu wa kushoto hakuwa navyo, viliondoka na taruma. Na alikuwa na majivuno ya reli yake, ukimtajia reli ya kati anakwambia "ile nyembamba ile", eti ina milimita 1,000 na ya kwetu 1,067, kama vile hizo milimita 67 kazitoa mfukoni kwake.

Sasa kwenye sanduku lake nimekuta kauntabuku. Kaandika majina ya wenzake wa gengi, nani kaumwa, nani kafa na kazikwa kijiji gani, mvua ya mwaka gani ilisomba tuta, na madeni ya ulanzi, ile pombe ya mianzi (mengi tu). Nikisoma namsikia kabisa anavyoongea. Nafikiri hicho kitu ndio tukifanyie kazi kuliko marumaru, ila sijui hata naanzia wapi, na kaka anasema daftari la madeni sio heshima ya mtu. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Fundi Kokoto
Pole sana mkuu. Mi najengea makaburi, hiyo ndio kazi yangu, kwa hiyo nikupe ya kifundi halafu ya familia mtajuana. Mwaka mmoja umepita na masika yamepita, hapo udongo umeshatulia, ni sawa kujengea. Wanaojenga mwezi wa pili tu baada ya mazishi ndio wanaoniita tena kaburi limetitia na vigae vimepasuka. Ila hayo marumaru ya kuvalisha lote mara nyingi ni tailizi tu za bafuni, kwa baridi ya Makambako na mvua zake baada ya miaka michache zinabanduka moja moja, inakuwa aibu. Chukua zege zuri lenye nondo, piga terazo, weka jiwe moja la maandishi ya kuchonga, sio ya kupaka rangi. Na tafadhali andika maneno kwenye karatasi watu watatu wayasome kabla hayajaenda kwa mchongaji, nimeshaona kaburi mtu kazaliwa baada ya kufa.

Bint Tanga
Poleni jamani. Kwetu sisi tunasoma hitma, arobaini ikipita basi, mengine ni dua na sadaka jaria. Tunafundishwa mtu akifa amali zake zinakatika isipokuwa vitu vitatu, sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemuombea. Kwa hiyo baba alipofariki tulichangishana tukachimba kisima kijijini kwao, tukaandika jina lake, watu wakalia, picha zikapigwa. Mwaka wa pili pampu ikafa. Hakuna aliyekuwa amepangiwa kuiangalia, kila mtoto anamtegea mwenzie, na watu wa pale wakawa wanasema "twende kwenye kisima kibovu cha mzee fulani". Yaani jina la baba yangu likageuka jina la kitu kibovu!! Tumeshatengeneza sasa na yupo kijana tunamlipa kila mwezi, ila ile miezi iliniuma kuliko msiba wenyewe. Kwa hiyo chochote mtakachoamua, ulizeni kwanza nani atakihudumia mkisharudi makwenu.

Wakili wa Mtaani
Nawaharibia stori kidogo. Cheti cha kifo mmeshachukua RITA? Kikao cha ukoo kimekaa, muhtasari upo, msimamizi wa mirathi kapitishwa na Mahakama ya Mwanzo? Maana naona mwaka mzima umeisha na mnajadili fulana. Nimeona familia zimefanya kumbukumbu ya kukata na shoka afu mwaka unaofuata mjane anaambiwa ahame nyumba. Na mama yenu yupo? Mbona kwenye maelezo yote sijaona mahali mama kaulizwa anataka nini.

Mla Vumbi
Mtoto wa Gengi hilo daftari usilitoe mkononi. Leo leo piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila flashi, halafu zitume kwa ndugu wawili watatu tofauti ili simu ikiibiwa zisipotee nazo. Mambo ya laminesheni ya ukurasa wenyewe achana nayo, ile plastiki ikishashika karatasi haitoki tena.

Na nikwambie kwa nini. Reli ile ina kilometa 1,860 mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, Nyerere na Kaunda wameweka mawe ya msingi 1970, hayo yako kwenye kila kitabu. Wachina waliofia kwenye ujenzi wana makaburi yao pale Gongo la Mboto, yamepangwa mistari, kila mtu na jiwe lake na jina lake, na ubalozi wao unaenda kuweka maua. Mi nimefika, pametunzwa, wala siwaonei gere, wamewaheshimu watu wao. Nilipotoka pale ndio nikajiuliza vibarua wetu, waliokuwa maelfu kwa maelfu, majina yao yako wapi. Sasa wewe unaniambia unayo, na kijiji kila mmoja alichozikwa. Halafu kaka yako anasema daftari la madeni!! Walioanza kazi na mzee wako wakiwa na miaka 20 sasa hivi wana zaidi ya 70, usisubiri.

Kitinda Mimba
Wote mnamsema huyo kaka ila mi namtetea. Wazee wa gengi utawapata wapi kama hakuna turubai na nyama? Utapita nyumba kwa nyumba na kauntabuku kama karani wa sensa? Waite kwenye kumbukumbu, wale, wanywe ulanzi wao, halafu mtu mmoja asimame asome majina polepole, kila jina likisomwa uone watakavyoanza kubishana, "huyo hakufa Mpanga huyo", "huyo alikuwa na mkokoteni"... mwingine awe anarekodi pembeni. Fulana ndio mfute, fulana zinaishia kufutia pikipiki.

Mtoto wa Gengi
Nimerudi wakuu, asanteni, nilikaa kimya maana Wakili wa Mtaani alinichoma. Cheti tunacho, mirathi bado, kikao cha ukoo ni Jumamosi hii. Mama ni kweli hatukuwa tumemuuliza. Nimemuuliza jana jikoni, akacheka kwanza, akasema yeye anataka kaburi lizungushiwe tu mbuzi wasipande, na yule mama wa ulanzi kwenye daftari bado yuko hai, nenda kamlipe, baba yako alikuwa anamkwepa njia.

Kingine, hilo daftari ni la tatu. Mawili ya mwanzo, ya miaka ile ya ujenzi wenyewe, kaka mkubwa aliyachana akiwa mdogo akatengenezea vishada. Mzee alimchapa siku hiyo, mama anasema ndio siku pekee alimuona akimchapa mtoto huku analia yeye. Mimi hiyo stori sikuwahi kuisikia. Nikaiandika kwenye grupu kama ilivyo, sikuongeza neno.

Kaka alikaa kimya toka saa mbili usiku. Asubuhi nimekuta kaniandikia pembeni, sio kwenye grupu: "Nitumie picha za kurasa zote. Hela ya fulana mlipe yule mama."