Sumaku haiongezi nishati ya elektroni: mbona viwango vinahama ndani ya nukta za kwanta?

Mwalimu wa Masasi

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha fizikia kidato cha sita. Juma lililopita nilipeleka darasani runinga ya chogo, nikasogeza sumaku ya spika karibu na kioo, na picha ikapinda pembeni, rangi zikachafuka. Niliwaeleza wanafunzi kwamba sumaku huikunja njia ya elektroni bila kuiongezea wala kuipunguzia nishati, kwa kuwa kani yake huwa pembe mraba na mwendo. Binti mmoja akauliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini elektroni iliyofungiwa ndani ya nukta ya kwanta (kipande kidogo mno cha nusu-kipitishi kinachoibana elektroni pande zote) hubadilishiwa viwango vya nishati na uga wa sumaku? Sikuwa na jibu la kuniridhisha.

Mkazi wa Mikindani

Mwalimu, binti huyo amegusa penyewe. Kanuni uliyowafundisha ni sahihi kwa uga uliotulia. Lakini uga huo ulipandishwa kutoka sifuri, na ulipokuwa ukipanda ulizaa uga wa umeme unaozunguka, kama alivyoonyesha mwanasayansi Faraday, na huo ndio uliofanya kazi juu ya elektroni.

Wape kifuu na gololi. Gololi ikizungushwa ndani ya kifuu, kuta huirudisha katikati. Elektroni inayozunguka upande mmoja husukumwa na sumaku kuelekea katikati, hivyo kani hiyo husaidiana na kuta na mzunguko huwa wa haraka zaidi. Inayozunguka upande wa pili husukumwa nje, na mzunguko wake hupungua kasi. Mizunguko miwili iliyokuwa na nishati sawa hutengana. Mwanafizikia Vladimir Fock alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1928, miongo mingi kabla ya nukta za kwanta kutengenezwa.

Chukua nukta ya galiamu aseniidi, ambamo elektroni huenenda kana kwamba tungamo yake ni 0.067 tu ya ile ya kawaida, na ngazi zake za nishati zipishane kwa milielektronivolti 3 (kipimo kidogo cha nishati). Kwenye uga wa tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), hatua hiyo moja hugawanyika kuwa takriban 4.0 na 2.3, kwenye tesla 5, kuwa 9.6 na 0.9. Hapo kuta karibu hazina kauli tena, na elektroni huzunguka kwa amri ya sumaku.

Mwalimu wa Masasi

Ahsante sana, ndugu yangu. Mbona basi katika atomu badiliko hili ni dogo mno?

Msomaji wa Lindi

Kwa sababu ya ukubwa, Mwalimu. Kwenye tesla 1, duara dogo kabisa ambalo sumaku huweza kuifungia elektroni lina nusu kipenyo cha takriban nanomita 26, na nukta nyingi za aina hii zina upana wa makumi ya nanomita, kwa hiyo kuta na sumaku hushindana kwa nguvu zinazokaribiana. Atomu ya hidrojeni ni ndogo mno. Kuifikisha kwenye ushindani huo kungehitaji zaidi ya tesla 200,000.

Wanafunzi wajue pia kuhusu joto. Katika halijoto ya chumba mtikisiko wa joto ni takriban milielektronivolti 25, unaozifunika kabisa ngazi hizo, ndiyo maana majaribio haya hufanywa karibu na sifuri halisi. Spini nayo, yaani usumaku wa asili wa elektroni yenyewe, hutenganisha viwango, lakini katika galiamu aseniidi ni takriban milielektronivolti 0.025 tu kwa kila tesla.