Kombi ya 1974: pampu ya mafuta ni mpya, lakini injini inazima ikipata joto

Mwenye Kombi, Kimara

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba msaada wa wale wanaozifahamu injini za Volkswagen zinazopozwa kwa hewa. Nina Kombi ya mwaka 1974, ile yenye kitanda na jiko ndani, injini ya 1600 na kabureta moja. Pampu ya mafuta ya awali ilikuwa inavuja, kwa hiyo fundi wa mtaani kwetu alinifungia mpya iliyonunuliwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Tangu hapo gari linawaka vizuri asubuhi, lakini nikikaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Ubungo kuelekea nyumbani, injini huanza kukohoa, hukosa nguvu na hatimaye huzima. Nikiliacha lipoe, huwaka tena bila shida yoyote. Nimeona pia kwamba oili imepanda juu ya alama ya kijiti cha kupimia na inanuka petroli. Fundi anasema pampu hii nayo ni mbovu, ninunue nyingine. Kabla sijatoa fedha tena ningependa kujua kama kosa ni la pampu kweli, kwa sababu tunakusudia kwenda Mikumi na watoto na sitaki kukwama nao Chalinze usiku.

Fundi, Gerezani

Dada, kwanza kabisa usiliwashe gari hilo mpaka oili yote imwagwe. Injini hiyo hubeba lita 2.5 tu za oili, na oili hiyo hiyo ndiyo inayolinda beringi za krenki na kusaidia kuipoza injini. Ikishachanganyika na petroli huwa nyepesi kama maji, na beringi zikifa utakuwa unazungumzia kufungua injini nzima, si pampu tena.

Petroli huingia kwenye oili kwa njia mbili. Ya kwanza ni daiframu ya pampu, yaani kile kiwambo kinachosukuma petroli, kupasuka, kwa kuwa pampu imekaa juu ya injini na kinachovuja chini yake hushukia ndani. Ya pili ni pampu kusukuma kwa nguvu kupita kiasi, hata sindano ya kabureta ikashindwa kuziba, chemba ya boya ikafurika, na petroli ikapita kwenye silinda na ringi mpaka chini. Njia zote mbili zinaweza kuanzia kwenye kitu kimoja ambacho wengi hawakiangalii wanapofunga pampu mpya, nacho ni pushirodi, yaani kile kifimbo cha chuma kinachosukumwa na mhimili wa distributa ili kiinue mkono wa pampu.

Pushirodi hizi ziko za urefu wa aina mbili. Injini zilizotoka kiwandani na dainamo, ile ya zamani ya kuchaji betri, hutumia pampu iliyosimama wima na pushirodi ya milimita 108, ilhali zilizotoka na alteneta, chaja ya kisasa zaidi, hutumia pampu iliyoinamishwa ili isigusane na alteneta, na pushirodi yake ni ya milimita 100. Magari mengi ya umri huo yamekwisha kubadilishwa injini au kuondolewa dainamo, kwa hiyo mwaka wa gari peke yake haukuambii kitu. Ukifunga pampu ya alteneta juu ya pushirodi ndefu, mkono wake unasukumwa kupita kiwango, na pampu ife leo au kesho, lawama zitaangukia spea.

Fungua nati mbili za pampu kwa spana ya 13, ichomoe pushirodi, uipime kwa rula. Kisha irudishe pamoja na kile kipande cha plastiki na gasketi zake, uzungushe injini taratibu kwa spana kwenye puli mpaka pushirodi ifike juu kabisa, halafu upime kinachochomoza: kisizidi milimita 13. Wapo wanaorundika gasketi ili kufidia pushirodi isiyo yake. Mimi siwashauri, kwa sababu pushirodi sahihi ni ya bei ndogo na hutafutwa mara moja tu. Mwisho, funga geji ya kupimia shinikizo la petroli kati ya pampu na kabureta. Kwa kabureta hiyo shinikizo la 0.2 hadi 0.3 ya ba linatosha.

Mzee wa Mikocheni

Fundi ameeleza vizuri suala la oili. Hata hivyo, binti yangu, kuzima kwenye foleni kunaweza kuwa ugonjwa mwingine kabisa uliojitokeza wakati huo huo, na ninakusihi usiuhusishe na pampu kabla ya kuuthibitisha. Petroli ikikosekana na moto wa plagi ukikosekana, dereva huona jambo lile lile.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote. Gari likizima, zima swichi, nenda nyuma, ondoa kisafisha hewa, uangalie ndani ya koo la kabureta huku ukiusogeza kwa mkono ule wenzo unaovutwa na pedali ya mafuta. Ukiona petroli ikirushwa kama uzi, basi kabureta ina mafuta na pampu haina hatia; tafuta kwenye koili, kondensa na pointi, yaani vifaa vinavyotengeneza moto wa plagi. Kondensa hasa ina tabia ya kufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Ikiwa hairushi kitu, ndipo urudi kwenye pampu, filta na tangi. Fanya hivyo pasipo sigara wala mshumaa karibu, na usisogeze uso juu ya kabureta.

Angalia pia ule mpira unaozunguka injini pande zote na kuziba nafasi kati ya mabati yake na bodi. Katika Kombi nyingi hapa mjini umeoza au haupo, na hewa ya moto kutoka chini hupanda ikanyonywa tena na feni. Injini inayopozwa kwa hewa yake yenyewe iliyokwisha kuchemka haiwezi kuvumilia foleni ya Dar es Salaam mwezi wa pili, hata ukiifungia pampu ya dhahabu.

Msafiri, Tegeta

Mimi ningeachana na pampu ya injini na kufunga ya umeme. Haitegemei pushirodi na inajaza kabureta kabla injini haijawaka.

Fundi, Gerezani

Kaka, ya umeme inafaa, lakini kwa masharti. Iwe ya shinikizo dogo, ikae karibu na tangi na si ndani ya chumba cha injini, na iwe na rilei, yaani swichi ya umeme, inayoizima pampu mara injini inapozima. Nyingi ninazoletewa zimeunganishwa moja kwa moja na swichi, maana yake gari likipata ajali na mpira wa mafuta ukachomoka, pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Kombi zimeungua kwa sababu hizo. Dada, kwa vyovyote vile badilisha mipira yote ya petroli na klipu zake kabla ya safari. Ile iliyovikwa kitambaa huficha nyufa, usiiamini kwa kuitazama. Na kwa kuwa tangi liko juu ya kiwango cha pampu, bana mpira kwa klempu kabla hujauchomoa.

Mwenye Kombi, Kimara

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana fundi. Pushirodi imepimwa na ni ya milimita 108, ilhali pampu ni ile ya kuinama kwa sababu injini ina alteneta. Daiframu imepasuka. Kabla ya kuifungua tuliiwasha mara moja ikiwa na oili mpya, na ilipozima kwa joto petroli ilikuwa bado inarushwa kwenye kabureta. Je, nianze na koili au kondensa?

Mzee wa Mikocheni

Marahaba. Anza na kondensa pamoja na pointi, uziache uwazi wa milimita 0.4, kisha timingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto, ipimwe upya kwa sababu hubadilika pointi zikiguswa. Koili ifuate tu iwapo tatizo litabaki. Pampu na pushirodi ya 100 vifungwe kwanza, na oili uliyoiwashia injini na daiframu iliyopasuka imwagwe pia, hata kama ni mpya. Baada ya hapo liendeshe mpaka Kibaha na kurudi mchana wa joto, katikati ya foleni, ndipo unuse tena kile kijiti cha oili.