Naomba ushauri: mwanangu kamwambia bibi yake "nipe maji"

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni wa Tanga, nimeolewa Nairobi. Desemba nilimpeleka mwanangu wa miaka 7 kwa mama. Asubuhi akaingia jikoni, mama yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, akamwambia, "Shosho, nipe maji." Mkono wa mama ukasimama ndani ya kifuu. Akampa maji, hakusema neno. Usiku akaniuliza, "Huyu hamkumfundisha?"

Mtoto hana kiburi, wallahi. Nairobi "nipe" ni neno la kawaida, halimkeri mtu. Kwetu hata dukani, na pesa yako mkononi, unasema "naomba sukari robo". Shikamoo nayo nilimzoesha, lakini wenzake shuleni walimcheka akaiacha. Nami kuitikia marahaba nyumbani kwangu nakukosa sana.

Baba yake anasema nisimlazimishe. Sitaki mtoto aone lugha ya baba yake ni ya utovu wa adabu, ila sitaki pia mama aumie.

Mnaolea watoto huku na huku ya mpaka wa Horohoro, mmefanyaje? Na mama nimweleze vipi?