Dogo anarudi chuo Juni 1: hosteli, geto au kwa shangazi?

Kahama Yetu
Jumatatu 25 Mei 2020, saa 3:12 asubuhi

Wakuu, habari za sikukuu. Kama mlivyomsikia Rais Magufuli Alhamisi pale Ikulu ya Chamwino, vyuo vilivyofungwa kwa corona vinafunguliwa Juni 1. Mimi nilishajipa matumaini kwamba ni mpaka Agosti huko, hela nimeitumbukiza kwenye mpunga, na sasa dogo anafunga begi.

Tuna njia tatu mezani. Arudi hosteli kama zamani. Au nimpangie chumba awe peke yake, asibanane na watu kipindi hiki cha corona. Au akae kwa shangazi yetu Gongo la Mboto, bure kabisa, chakula humo humo. Mama anataka kwa shangazi. Mimi moyo uko kwenye chumba. Hela nataka kuituma Ijumaa, kwa hiyo mwenye uzoefu anisaidie mapema.

Kinyozi wa Mabibo
Saa 3:40 asubuhi

Dogo wa kike au wa kiume? Chuo gani? Mwaka wa ngapi? Ana bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi? Una shilingi ngapi? Mkuu, unataka ushauri au unataka tukupigie ramli?

Hall Five Mstaafu
Saa 3:58 asubuhi

Hosteli, wala usijiulize. Hela ya hosteli ya chuo ukiiweka karibu na kodi ya mtaani utacheka. Maji yapo, ulinzi upo, maktaba hatua chache, na akiumwa kuna zahanati ya chuo. Sisi tulikaa humo miaka mitatu na tukatoka wazima.

Mzee wa Msewe
Saa 4:20 asubuhi

Mlikaa humo mwaka gani? Kulikuwa na corona? Chumba kimoja watu wanne, bafu moja korido nzima. Mpangie mtoto chumba. Huku Msewe na Changanyikeni vyumba vimejaa tele, maana wanafunzi waliondoka tangu Machi 18 na wengine walirudisha funguo. Chumba cha kawaida unapata kwa elfu 50 hadi 70, masta, chenye choo ndani, ni laki na kuendelea. Anatembea kwa miguu mpaka darasani.

Kinyozi wa Mabibo
Saa 4:25 asubuhi

Mzee wa Msewe, una vyumba vingapi wewe?

Mzee wa Msewe
Saa 4:31 asubuhi

Vitano. Na vitatu viko wazi. Kwani kusema ukweli ni dhambi?

Kahama Yetu
Saa 7:05 mchana

Samahani wakuu, nilikuwa mashineni. Ni wa kike, mdogo wangu wa mwisho. Yuko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa pili. Bumu analo. Mfukoni nina laki tatu, labda na ishirini ya juu.

Hesabu Kali
Saa 7:30 mchana

Haya, sasa tunaweza kuongea.

Chumba cha elfu 60, mwenye nyumba anataka miezi sita: 360,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja: 60,000. Jumla 420,000, na hapo hajanunua ndoo, jiko wala umeme wa LUKU. Laki tatu yako imeshazama. Ukisema bumu lijazie: 8,500 kwa siku mara siku 60 ni 510,000, kama anapata yote. Akilipia chumba mwenyewe anabaki na 90,000 ya siku 60, yaani 1,500 kwa siku. Hiyo ni sahani moja ya wali maharage, na usiku anywe maji.

Kwa shangazi: Gongo la Mboto hadi Mlimani ni magari mawili, kwenda na kurudi manne. Kwa 400 kila moja ni 1,600 kwa siku. Siku 24 kwa mwezi ni 38,400. Bure yenu hiyo ina nauli ndani yake.

Binti wa Makumbusho
Saa 8:02 mchana

Na hiyo ni nauli tu, hujahesabu muda. Siku hizi za leveli siti, hakuna kusimama ndani ya gari, daladala zinapita na viti vimejaa, unasimama kituoni saa nzima. Asubuhi nimeona watu wanaanza kupanda kwa dirishani ili wawahi kiti. Sasa huko kugombania mlango wote mmekumbatiana, mkishaingia ndo mnakaa kwa nafasi. Corona inacheka.

Nshomile Mtoro
Saa 10:15 jioni

Kabla hujatuma hela ya chumba nisikilize mimi, maana yaliyonikuta bado ya moto.

Februari mwishoni nililipa miezi sita, chumba cha elfu 55 karibu na chuo. Mkataba tuliandikishana kwenye daftari la mwenye nyumba, mimi nikasaini, nakala sikuchukua. Kosa la kwanza. Machi chuo kikafungwa, tukaambiwa tuondoke. Nikafunga kufuli, nikaacha godoro, jiko la gesi, viatu na makabrasha yote ya semesta ya kwanza, nikapanda basi kwenda Bukoba. Nilikuwa nimelala humo wiki tatu tu.

Aprili mwenye nyumba ananipigia: kuna deni la umeme. Nikamuuliza, umeme gani na chumba kimefungwa? Akasema ni wa kushea, nyumba nzima tunagawana, uwepo usiwepo. Nikatuma elfu 12 ili yaishe. Mwanzo wa Mei akapiga tena, sasa ni hela ya kuvuta majitaka. Nikatuma elfu 10. Baada ya hapo simu ikawa haipokelewi.

Wiki iliyopita, tangazo lilipotoka tu, nikamtuma rafiki yangu anayekaa Ubungo akaniangalizie. Anafika anakuta kufuli si langu. Anagonga, anatoka kaka mmoja na taulo kiunoni. Ni mpangaji! Amelipa miezi mitatu, amepewa ufunguo tangu Aprili. Vitu vyangu viko stoo, godoro limelala juu ya mkaa, panya wamezalia kwenye makabrasha. Mwenye nyumba alivyoulizwa akajibu kwamba alidhani nimeacha chuo, na kwamba gonjwa hili limemuathiri na yeye.

Nimeenda mpaka kwa mjumbe kwa njia ya simu. Mjumbe anasema nilete mkataba. Mkataba uko kwenye daftari la nani?

Kwa hiyo chumba sawa, ila lipa miezi mitatu tu, mkataba mkononi wenye saini ya mjumbe, na swali la kwanza liwe: chuo kikifungwa tena inakuwaje? Hakuna anayejua kama hakitafungwa.

Mzee wa Msewe
Saa 10:40 jioni

Pole sana kijana, huyo si mwenye nyumba, huyo ni mwizi mwenye hati. Ila miezi mitatu haiwezekani, na sisi vifaa vya ujenzi vinatungoja.

Hesabu Kali
Saa 10:44 jioni

Una vyumba vitatu viko wazi na bado unakataa miezi mitatu? Endelea kulala navyo.

Kinyozi wa Mabibo
Saa 10:52 jioni

Mimi tatizo langu ni dalali. Mtu anakutembeza vichochoro dakika kumi, anakuonyesha chumba ambacho kina bango mlangoni, halafu anachukua kodi ya mwezi mzima. Na hela ya kuonyeshwa chumba kaichukua kabla!

Dalali Mwaminifu
Saa 11:20 jioni

Bango hilo nani kalibandika? Ni sisi. Mnatusema sana, ila usiku wa manane mkifukuzwa na mwenye nyumba namba mnayoitafuta ni ya dalali. Kahama Yetu, njoo pembeni nina chumba Makongo, elfu 45, cha binti mstaarabu.

Sista wa Zamu
Jumanne 26 Mei, saa 12:30 asubuhi

Nimetoka zamu ya usiku, nimesoma yote. Mnapiga hesabu ya hela peke yake. Naomba kuuliza kitu ambacho hakuna aliyekiuliza: huyo shangazi ana umri gani, na afya yake ikoje?

Kahama Yetu
Saa 2:10 asubuhi

Sista, shangazi ana 63. Ana kisukari na presha, ila anadunda tu, anauza vitenge hapo hapo nyumbani.

Sista wa Zamu
Saa 2:35 asubuhi

Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Binti wa miaka ishirini na kitu anaweza kuubeba ugonjwa huu asikohoe hata mara moja. Anashinda kwenye ukumbi wa wanafunzi mia tatu, anapanda magari mawili, jioni anaingia jikoni kumsaidia shangazi kupika. Anayelazwa hapo siyo binti. Wenye sukari na presha ndio tunaowahangaikia wodini. Sisemi asiende, nasema mama yako anafikiria usalama wa binti tu, na mwenye hatari kubwa zaidi nyumba ile ni mwenye nyumba.

Kama hakuna namna, alale chumba chake, dirisha wazi, akiingia anawe kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kumsalimia mtu, na barakoa aivae hata ndani wakiwa wote sebuleni. Awe na za kitambaa tatu, moja anavaa, moja imefuliwa, moja inakauka.

Babu Mwarobaini
Saa 3:00 asubuhi

Sista unatutisha. Huyo dogo apewe nyungu tu. Mchaichai, majani ya mpera, mkaratusi, ajifukize asubuhi na jioni. Tangawizi na ndimu. Sisi nyumba nzima tumejifukiza tangu Aprili na hatujapiga chafya.

Binti wa Makumbusho
Saa 3:08 asubuhi

Ajifukize wapi, babu? Hosteli? Sufuria la moto chini ya deka la vitanda, na wenzake watatu wanasoma? Atachoma jengo.

Babu Mwarobaini
Saa 3:15 asubuhi

Hiyo ndo sababu nasema akae kwa shangazi.

Hall Five Mstaafu
Saa 3:22 asubuhi

Si ndege ilienda Madagascar kuchukua ile dawa ya corona ya chupa? Waziri wa Mambo ya Nje Kabudi mwenyewe aliipokea na akainywa kamera zikimwangalia. Tuulize imefikia wapi kabla hatujaunguza majengo.

Msimamizi
Saa 5:00 asubuhi

Nimeondoa majibu saba ya kubishana kuhusu vipimo na yale mapapai na mbuzi waliosemwa wamekutwa na corona. Kuna uzi wake, nendeni huko. Hapa tunamsaidia mtu amrudishe mdogo wake chuo.

Lamu Hadi Nairobi
Saa 6:45 mchana

Nawasoma nikiwa huku Kenya na nawaonea wivu. Sisi vyuo vimefungwa tangu Machi na hakuna ajuaye tutafunguliwa lini. Nasoma kwa simu, mwalimu anaongea kwenye Zoom, bando linakatika akiwa kwa neno la tatu. Niko kijijini, mtandao mzuri unapatikana chini ya mwembe wa jirani, na jirani ana mbwa. Mtihani sijui utafanywa vipi. Na kafyu saa moja jioni lazima uwe ndani. Ninyi gombaneni na madalali, angalau mna pa kwenda.

Kinyozi wa Mabibo
Saa 7:00 mchana

Pole ndugu. Mpelekee mbwa mifupa.

Hall Five Mstaafu
Jumatano 27 Mei, saa 2:20 asubuhi

Kahama Yetu, umepotea. Mwambie dogo aende chumba chake cha zamani, asitafute makubwa. Yuko Mabibo au zile hosteli za Magufuli? Majengo 20 yale, yalifunguliwa 2017, wanafunzi 3,840 wanaingia. Bado mapya.

Kahama Yetu
Saa 3:45 asubuhi

Wakuu, nimeongea na dogo jana usiku na nimegundua jambo. Kumbe hana chumba. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa anabebwa na rafiki yake, wanalala kitanda kimoja. Hela ya hosteli niliyokuwa natuma alikuwa anampa rafiki nusu, nusu nyingine sijui.

Hesabu Kali
Saa 3:47 asubuhi

Ameen.

Kinyozi wa Mabibo
Saa 3:50 asubuhi

Nilisema mimi. Siku mbili tunalinganisha hosteli isiyokuwepo.

Binti wa Makumbusho
Saa 4:02 asubuhi

Msimcheke mtoto. Nani hapa hajabebana? Vitanda havitoshi, waombaji ni wengi. Mimi nililala mzungu wa nne mwaka mzima, miguu yake usoni mwangu, na ndiye aliyesimamia harusi yangu. Ila safari hii kubebana ni hatari, watu wawili wanapumuliana usiku kucha, na sidhani kama mawadeni watafumba macho. Na yule rafiki naye anaweza kukataa kwa kuogopa, ana haki.

Sista wa Zamu
Saa 4:30 asubuhi

Aandike barua ya kuomba nafasi leo hii, asisubiri kufika. Huenda kuna ambao hawatarudi kwa wakati, vitanda vitakuwa wazi.

Mzee wa Msewe
Saa 5:10 asubuhi

Nimewaza. Miezi minne. Na dalali simo, aje moja kwa moja.

Dalali Mwaminifu
Saa 5:12 asubuhi

Mzee, chumba hicho nilikuletea mteja mimi Jumamosi!

Nshomile Mtoro
Saa 5:30 asubuhi

Mkataba mkononi. Narudia. Mkononi.

Hesabu Kali
Saa 5:41 asubuhi

Kwa nini asipange na huyo huyo rafiki yake aliyekuwa anambeba? Wawili, chumba cha elfu 60, kila mmoja 30. Miezi minne ya Mzee ni 120,000 kwa kichwa. Laki tatu yako inabaki na 180,000.

Sista wa Zamu
Saa 5:55 asubuhi

Kila mmoja na godoro lake lakini.

Kahama Yetu
Ijumaa 29 Mei, saa 11:50 alfajiri

Dogo amepanda basi sasa hivi. Rafiki yake yuko Tanga, simu haipatikani. Mama bado anasema shangazi, na shangazi mwenyewe kapiga kasema asipofikia kwake hatuna undugu. Nimempa dogo laki mbili na nusu mkononi, atafikia Gongo la Mboto siku mbili tatu, barakoa nne kwenye begi, halafu tuone. Mzee wa Msewe, hicho chumba kina dirisha upande gani?

Mzee wa Msewe
Saa 1:15 asubuhi

Mawili. Moja linatazama mwembe.

Lamu Hadi Nairobi
Saa 2:00 asubuhi

Una mbwa?

Kinyozi wa Mabibo
Saa 2:26 asubuhi

Wadau, nani anauza godoro la tatu na nusu kwa sita? Ambalo halijalala kwenye mkaa.

Nshomile Mtoro
Saa 2:31 asubuhi

Langu nalitoa kwa elfu 20, ila ukalichukue wewe mwenyewe kwa yule mwenye nyumba.