Njumu kwa mguu mwembamba: nishuke saizi au nifanyeje?

Winga wa Mikindani
Wakuu, habari za majukumu. Msaada tutani. Mguu wangu ni mrefu ila mwembamba, hasa kisigino. Njumu za 42 zinatosha urefu, lakini nikigeuka kwa kasi kisigino kinapanda na mguu unateleza mbele, kucha za vidole gumba zimeanza kuwa nyeusi. 41 inabana vidole. Viwanja vyetu hapa Mtwara ni vigumu, kichanga na changarawe, na njumu ninazopata ni za mtumba. Nishuke saizi?

Fundi Rahaleo
Usishuke, mdogo wangu. Kucha inaumia kwa sababu kiatu ni kipana na hakina pa kuushika mguu; ukisimama ghafla unakwenda mbele. Ukivaa kifupi kucha itagonga hata ukiwa umesimama tu.

Pima kwanza. Jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, vaa soksi za mpira, kanyaga karatasi kisigino kikigusa ukuta. Weka alama kwenye kidole kirefu na pande mbili pale mguu ulipo mpana. Pima yote miwili, fuata mkubwa. Mguu wa sentimita 26.5 wenye upana chini ya 9.5 ni mwembamba kweli. Namba 42 haifanani kwa kila kampuni, kwa hiyo soma kibandiko cha kwenye ulimi: tafuta urefu wa mguu wako, mfano 26.5 (sentimita) au 265 (milimita).

Sokoni, chomoa soli ya ndani uikanyage. Mbele ya kidole ibaki kama nusu sentimita. Ukiona soli imebaki wazi pande zote mbili za mguu, kiatu hicho kitadai kujazwa. Na hapa wengi wanakosea: wanabandika sponji nyuma ya kisigino. Hiyo inausukuma mguu mbele, kucha zinazidi kuumia. Sponji ya milimita 3 hadi 5 ishonwe chini ya ulimi, ikandamize mgongo wa mguu na kurudisha kisigino nyuma. Isipotosha, ongeza soli nyembamba ya milimita 2 chini ya ile ya ndani. Usizidishe, kisigino kitapanda juu ya ukingo na kiatu kitachomoka kirahisi zaidi.

Kocha wa Ilulu
Naongezea kwenye kuchagua. Nike Mercurial zinajulikana kwa wembamba, anza nazo. Ngozi halisi hutanuka kwa upana kadiri unavyoivaa, kwa hiyo ikikukaa sawasawa dukani, baadaye italegea; sintetiki hubaki karibu vilevile. Kwa mtumba ingiza kidole ndani pale kisigino kinapokaa: kitambaa kikiwa kimetoboka, acha, kitakuchubua hadi malengelenge. Kunja soli mbele uone kama gundi imeachia.

Meno marefu ya chuma ni ya uwanja laini wenye majani. Kwenye ardhi yenu hayazami, uzito wote unakaa kwenye ncha chache na nyayo zinauma. Tafuta zenye meno mengi mafupi ya mpira.

Winga wa Mikindani
Shukrani wakuu. Na kamba nifungeje? Kaka Fundi, njumu zangu hazina tundu la ziada juu.

Fundi Rahaleo
Halihitajiki. Funga kawaida hadi tundu la pili kutoka juu. Hapo usivuke upande wa pili. Panda moja kwa moja hadi tundu la mwisho la upande uleule, uache kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Kamba ya kushoto ipite kwenye kitanzi cha kulia, ya kulia kwenye cha kushoto. Gonga kisigino chini kikae nyuma kabisa, vuta kamba kuelekea chini, ndipo ufunge. Kule mbele kwenye vidole acha zimelegea kiasi. Ukisikia ganzi juu ya mguu, umekaza kupita kiasi au sponji ni nene, ipunguze.

Ukishacheza usizianike juani. Gundi inaachia na ngozi inakakamaa. Toa soli ya ndani, jaza karatasi, weka kivulini penye upepo.