Usiku wa kantri "laivu" Dodoma: tumelipa 20,000 kusikilizishwa flashi

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha.

Jumamosi iliyopita kuna waandaaji hapa mjini walitangaza usiku wa muziki wa kantri, laivu, wasanii wa hapahapa Dodoma. Bango lilikuwa na picha ya vijana wawili wenye magitaa na mzee mmoja ameshika zeze. Kiingilio 20,000, meza za mbele 150,000. Hiyo si hela ndogo, na watu waliitoa kwa sababu kantri ina wenyewe mji huu. Wazazi wetu wamezeeka na Jim Reeves na Don Williams redioni, na mpaka leo ukipanda basi la dereva mtu mzima Kenny Rogers atakusindikiza mpaka Morogoro. Tulitaka tuzisikie nyimbo zile zikipigwa na mikono ya watoto wetu.

Tuliambiwa saa moja jioni. Saa tatu na nusu DJ bado anapiga Bongo Fleva. Hilo nililimeza, tumeshazoea.

Kijana wa kwanza akapanda na gitaa shingoni. Nilikuwa karibu na jukwaa, nikauona waya wa gitaa: ncha yake inaning'inia kando ya goti, haijachomekwa popote! Mkono unapita kwenye nyuzi, spika zinatoa gitaa, kinanda na waitikiaji wa kike, wakati jukwaani yuko peke yake. Wimbo wa pili ukakwama katikati, ukarudi nyuma, kijana wa watu akabaki ameduwaa na maiki mkononi. Ukumbi ukamzomea yeye, wakati aliyestahili kuzomewa alikuwa nyuma ya mitambo anachezea simu.

Nilimfuata nje baadaye. Anasema walifanya mazoezi kwa wiki kadhaa kule Ipagala, wakaja na ampu na dramu zao wamezikodia bajaji. Walipofika wakaambiwa hakuna muda wa kufunga vyombo wala kupima sauti, kila mtu atoe flashi yake yenye nyimbo zilizorekodiwa. Posho waliyoahidiwa ni 30,000 kwa kichwa, na mpaka tunaongea hawajaiona.

Kantri haipigwi hivyo jamani. Don Williams alipendwa kwa sauti ile tulivu na gitaa pembeni, mtu anakusimulia kisa na kila neno linakufikia. Ukimwekea msanii wimbo uliorekodiwa akae anatikisa mdomo, tulichokifuata hakipo tena.

Kilichoniuma kuliko vyote ni mzee wa zeze. Ametoka Chamwino huko na chombo chake kimeviringishwa kwenye khanga. Akapewa maiki moja ya kuimbia, zeze lenyewe halikuwekewa kitu. Sasa zeze si muheme, ile ngoma ya Wagogo, useme litajisemea lenyewe ukumbini. Sauti yake ni nyembamba, linataka maiki karibu kabisa na nyuzi. Mzee akajikunja, akalisogeza kwenye maiki ileile ya mdomo, akavuta upinde. Kwa muda mfupi tukasikia, na watu wote wakanyamaza, maana lilikaa vizuri ajabu na wimbo. Huko Marekani kantri imesimama juu ya fidla, nayo inapigwa kwa upinde vilevile. Mara DJ akapandisha muziki wake, MC akadakia "makofi kwa mzee wetu, muda umetubana". Hata wimbo mmoja hakuumaliza! Na huu ndio mkoa uliomtoa Hukwe Zawose, marehemu tangu 2003, aliyelipeleka zeze na ilimba (kile chombo cha kupiga kwa vidole gumba) hadi kurekodi na kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza. Nyumbani kwa Wagogo, mzee anakosa maiki ya pili?

Mlangoni tulipewa vikaratasi vya fotokopi vyenye muhuri. Niliomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikajibiwa mashine imezima. Kesho yake nikapiga namba ya kwenye bango, jibu: "wasanii si walipanda? Kiingilio hakirudishwi." Hapana. Mmeuza laivu, mkatoa flashi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko ya namna hii yanapelekwa Tume ya Ushindani. Mimi napeleka. Kama ulikuwepo, kitunze kikaratasi chako na picha ya bango, na mwenye video ya ule wimbo uliokwama aje PM. Ila tafadhali msiirushe mitandaoni, yule kijana ameshadhalilika vya kutosha.

Na waandaaji, najua mnapita humu. Kabla ya hela zetu, walipeni wale vijana na yule mzee. Wiki hii.