Yona na samaki: Mkatoliki analazimika kuamini kwamba ilitokea?

Katekista wa Kigango
Tumsifu Yesu Kristo. Jumapili niliwaambia wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, kwamba kitabu cha Yona kinaweza kusomwa kama mfano. Kanisa halimlazimishi mtu kuamini kwamba nabii alikaa siku tatu tumboni mwa samaki. Mzee mmoja akanijia juu, eti napotosha. Lakini someni sura ya 3: hata ng'ombe wa Ninawi wanafungishwa wasile na kuvikwa magunia! Anayeisoma kama taarifa ya polisi anapitwa na kiini, kwamba Mungu anawahurumia hata adui zetu. Mnasemaje?

Mlokole
Bwana asifiwe. Hiyo "taarifa ya polisi" umetulenga sisi, sema wazi. Yesu mwenyewe kamtaja Yona tumboni mwa samaki, Mathayo 12:40. Tatizo lenu Wakatoliki Biblia hamsomi, mnasomewa.

Mama wa Jumuiya
Hatusomi? Kila Jumapili tuna somo la kwanza, zaburi, somo la pili na Injili, mzunguko wa miaka mitatu. Kwenye jumuiya tunasoma tena, nyumba kwa nyumba. Nyinyi mchungaji kashika mstari mmoja mwaka mzima, ule wa zaka.

Mlokole
Zaka imeingiaje hapa? Na vile vitabu saba mlivyoongeza je? Kimojawapo, Yudithi, kinaanza kwa kusema Nebukadneza alitawala Waashuru huko Ninawi. Si alikuwa wa Babeli? Neno la Mungu linakosea mfalme?

Aliyepita Seminari
Nani aliongeza na nani alipunguza, tuache. Ila ndugu yangu, umemsaidia katekista. Ninawi ilianguka mwaka 612 KK, Nebukadneza akashika Babeli 605 KK. Myahudi gani hakujua kwamba Nebukadneza wa Babeli ndiye aliyechoma Yerusalemu? Mwandishi anayefungua hivyo anakuonyesha mapema kwamba haandiki kumbukumbu za wafalme. Ndiyo maana Papa Pio wa 12, mwaka 1943, aliwataka wataalamu wachunguze aina za uandishi za watu wa kale, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukasema vilevile katika hati yake Dei Verbum, 1965.

Mzee wa Baraza
Mimi ndiye yule mzee. Pio mnamtaja nusu. Papa huyohuyo, kwenye waraka wa miaka ya hamsini, aliwakataza waamini kusema Adamu ni jina tu la kundi la watu. Leo Yona ni mfano, kesho Adamu, keshokutwa kaburi tupu. Nimezika watoto wawili, kijana. Ufufuko si mfano.

Katekista wa Kigango
Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Hapo tuko pamoja. Waraka ni Humani Generis, 1950. Dei Verbum namba 19 inasema bila kusita kwamba Injili nne ni za kihistoria. Katekisimu namba 390 nayo inasema anguko la wazazi wetu wa kwanza limesimuliwa kwa lugha ya picha, lakini tukio lilikuwepo, mwanzoni mwa historia ya binadamu. Kaburi sijaligusa wala sitaligusa.

Mzee wa Baraza
Marahaba. Basi wakatekumeni waambie yote siku moja. Jumapili uliishia kwenye samaki.

Mama wa Jumuiya
Mlokole bado hajajibu kuhusu zaka.

Mlokole
Malaki 3:10, mama. Na huo nao mtasema ni mfano?